Sanduku la Vyombo katika Njia ya Kabambare

Atokaye Kasongo kwenda Kabambare huupa kisogo mto Lualaba, akaelekea maawio ya jua. Njia ni ya kilomita zaidi ya 100, yenye udongo mwekundu, nayo hupita mahali ambapo msitu mkubwa wa kaskazini na mbuga za kusini zinakutana. Mara msafiri yumo katika kivuli cha miti mirefu, mara yumo katika majani yanayomfikia begani. Wakati wa kiangazi vumbi humfunika mpaka nyusi. Mvua zikianza, magurudumu huzama katika tope, na madaraja ya magogo huteleza kama samaki aliyetoka majini.

Njia hii si ya jana. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka Mtowa, ikafika Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe. Huko Kasongo Tippu Tip alikuwa na makao yake, na mwanawe Sefu alikaa humo mpaka jeshi la Dhanis lilipoutwaa mji, mwezi wa Aprili 1893. Katika njia hiyo hiyo kilipita Kiswahili tunachosema leo, na katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, wakiibeba pembe ya ndovu ambayo haikuwa yao. Hatuna budi kukumbuka mambo hayo yote mawili.

Mpagazi wa zamani alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na chombo chake cha safari kilikuwa miguu yake. Miguu ikiharibika, safari imekwisha. Dr. Livingstone mwenyewe, katika mwaka 1870, alilala Kabambare zaidi ya miezi miwili kwa sababu ya vidonda vya miguu. Alikuwa na nia ya kwenda, alijua aendako, lakini mguu ulikataa.

Siku hizi mguu wa Maniema ni pikipiki. Vita vya mwaka 1996 na vile vya 1998 hata 2003 viliziharibu njia zetu, malori yakawa machache, na kwa muda mrefu baiskeli ndizo zilizobeba mchele na mafuta ya mawese. Baadaye zikaja pikipiki nyepesi za Kihindi na za Kichina, za sentimita za ujazo 125 au 150. Leo pikipiki humchukua mapadre kwenye vigango, mwuguzi na sanduku la chanjo, mwalimu na vitabu, mfanya biashara na chumvi yake, na vijana waendao Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya. Lakini kama vile mguu wa mpagazi, gurudumu nalo hupata kidonda chake. Na mahali pa kupata kidonda si mbele ya duka la fundi, bali ni katikati ya msitu, saa tisa za mchana, mvua ikinguruma.

Ndipo swali linapokuja: vyombo viko wapi?

Mahali pa kuweka vyombo

Pikipiki nyingi hutoka kiwandani na mfuko mdogo chini ya kiti, wenye ufunguo wa buji na bisibisi moja. Wengine hufunga vyombo vyao katika gunia juu ya kibebeo cha nyuma. Gunia hulowa maji, vyombo hushika kutu, na kwa mitikisiko ya njia spana hutoboa gunia na kuanguka moja moja bila dereva kujua. Tena kuna wanaovitia vyombo mfukoni mwa koti. Mtu huyo akianguka, chuma humwumiza kuliko udongo.

Sisi, kwa kuwa kazi yetu hutupeleka mara nyingi katika shule za mbali, tulikaa na fundi mmoja wa Kasongo tukatengeneza sanduku letu. Twaeleza hapa jinsi lilivyofanywa, ili msomaji mwenye mikono apate kufanya kama hivyo, au vizuri zaidi.

Bati lilikatwa katika pipa kuu kuu la mafuta ya mashine. Hapa twatoa onyo kwa vijana: msikate kamwe kwa moto pipa lililokuwa na petroli. Hata likionekana tupu, mvuke uliobaki ndani waweza kulipuka na kuua. Fundi wetu aliliosha pipa kwa maji na sabuni, akalikata kwa patasi na nyundo. Kazi ilikuwa ya jasho na kelele, lakini hakuna aliyeungua.

Sanduku lina urefu wa sentimita 30, kimo cha sentimita 20 na upana wa sentimita 10. Bati likiwa na unene wa milimita 1, uzito wake haufiki kilo 2. Kifuniko chake kina bawaba mbili, na ukingo wake umekunjwa kuelekea chini ili mvua idondoke nje. Katika sakafu yake tulitoboa matundu mawili madogo, kwa maana maji ni mwerevu: yakikosa mlango wa kuingilia hupita kwenye ufa, nayo yakiisha kuingia, heri yaoneshwe mlango wa kutokea.

Mahali pa kulifunga palitushughulisha kuliko sanduku lenyewe. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huyumba katika mchanga. Ukiwekwa juu, pikipiki hupenda kuanguka. Kwa hiyo tulilifunga chini ya kibebeo, mbele ya ekseli ya nyuma, upande wa kushoto, kwa kuwa bomba la moshi katika pikipiki yetu liko kulia, na moto wake ungeyeyusha mipira na gundi. Lakini upande wa kushoto ndipo ulipo mnyororo. Basi kabla ya kukaza bolti tuliketi watu wawili juu ya pikipiki, tukaruka ruka juu ya kiti kama watoto, huku fundi akiangalia kwa karibu kama gurudumu likipanda litaligusa sanduku. Watoto wa sokoni walicheka sana. Wacheke tu, afadhali kuchekwa sokoni kuliko kulia porini.

Jambo jingine: hatukuliunga sanduku kwa kulehemu katika mifupa ya pikipiki. Moto wa kulehemu huudhoofisha mfupa, na baada ya miezi ya mashimo, ufa huanza pale pale. Tulitumia vipande vya chuma bapa vilivyokunjwa kuuzunguka mfupa, chini yake tukaweka mpira uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu, tukafunga kwa bolti za milimita 8, kila moja na nati mbili ili isifunguke kwa mtikisiko. Mpira huo hufanya kazi mbili: huzuia kuteleza, na hunyamazisha kelele.

Asiye na fedha za fundi asikate tamaa. Kidumu cha mafuta cha lita 5, kikikatwa mdomo upande mmoja na kufungwa kwa ukanda wa mpira, hutunza vyombo vichache vizuri. Kipande cha bomba la maji la plastiki, lenye upana wa sentimita 11 na urefu wa sentimita 35, hupokea zaidi kidogo ya lita 3, nalo halipati kutu. Wasafiri wa nchi nyingine wenye pikipiki kubwa za thamani hutumia bomba la namna hiyo hiyo, wala hawaoni haya.

Yaliyomo ndani

Sanduku bila vyombo ni kelele tu. Letu lina spana, ambazo mafundi wa kwetu huziita kle, za nambari 8, 10, 12, 14 na 17, ufunguo wa buji na buji moja mpya, koleo, bisibisi, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka na gundi yake, waya wa klachi, kipande cha waya laini, na viungo viwili vya mnyororo wa nambari 428, mnyororo utumiwao na pikipiki nyingi za huku. Pampu imefungwa kando. Kila chombo kimeviringishwa katika kitambaa chenye mafuta kidogo, ili kisishike kutu wala kisigongane na mwenzake. Vyote pamoja na sanduku havifiki kilo 6, yaani hata humusi moja ya mzigo wa mpagazi wa zamani.

Na ni lazima vyombo vikaguliwe kabla ya kila safari. Gundi ya viraka iliyofunguliwa hukauka kimya kimya, na mtu huja kujua habari zake siku ile anapoihitaji.

Mkutano njiani

Katika safari moja ya kwenda Kabambare, tukiwa pamoja na katekista, tulipita kijito kimoja, tukamkuta kijana ameketi kando ya pikipiki iliyolala. Mnyororo wake ulikuwa umekatika, umetandazwa majanini kama nyoka aliyeuawa. Chini ya mti aliketi mama mmoja na mtoto wa miaka mitatu hivi, mwili wake ukiwaka homa. Walikuwa wakienda hospitali ya Kasongo. Kijana alikuwa na spana moja tu mfukoni, nayo haikuwa na kazi hapo. Pikipiki mbili zilikuwa zimekwisha kupita. Madereva walisimama, walisikitika kweli, lakini hawakuwa na kitu.

Katekista alifungua sanduku. Kiungo cha mnyororo, koleo, dakika kumi na tano. Mama hakusema neno; alimfunga mtoto mgongoni akiwa amesimama tayari.

Kijana aliuliza, “Mwalimu, nikulipe ngapi?”

Katekista ndiye aliyejibu: “Mwanangu, kile kiungo cha pili kichukue vile vile. Ukimkuta mwingine njiani, umpe.”

Kijana aliwasha mashine. Lakini kabla ya kuondoka alishuka tena, akavunja unyasi mmoja, akaupima urefu na kimo cha sanduku letu, akaufunga unyasi ule kwenye usukani, ndipo akaenda.

Baada ya majuma mawili tulipata salamu kwa njia ya katekista: mtoto amerudi nyumbani, anakimbia na wenzake. Aliyemponya ni Mungu kwa mikono ya wauguzi na dawa zao, si bati la pipa. Lakini dawa ilikuwa Kasongo, na mtoto alikuwa chini ya mti. Kati ya hivyo viwili kilikosekana kipande cha chuma kisichozidi ukucha. Na tangu siku hiyo tumeona katika soko la Kasongo pikipiki tatu zenye sanduku la kipimo kile kile.

Huruma na chupa ya mafuta

Wasomaji wapenzi, sote twaijua habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Mara nyingi twahubiriwa juu ya moyo wake, na ni haki. Lakini tuangalie pia mzigo wa mnyama wake. Alipomkuta yule mtu aliyepigwa, alimtia mafuta na divai katika vidonda vyake. Aliyatoa wapi, katika njia ya jangwa iteremkayo Yeriko? Alikuwa nayo. Aliyafunga kabla ya kuondoka nyumbani, hali hajui ni nani atakayeyahitaji. Kama angekuwa na huruma peke yake, angesimama, angesikitika, kisha angepita kama wale madereva wawili, nao hawakuwa watu wabaya.

Wako wanaosema kwamba mwenye vyombo hujiletea taabu, kwa maana kila mwenye kuharibikiwa atamsimamisha. Maneno hayo ni kweli. Vyombo huazimwa, na vingine havirudi. Sisi tumekwisha nunua spana ya nambari 10 mara tatu. Lakini katika njia ambayo zamani mtu alimtia mwenzake mnyororo, si neno dogo kusimama ili kuuunga mnyororo wa mwenzako apate kwenda zake. Kufuli la sanduku ni la kumzuia mwizi, si la kumzuia jirani.

Ninyi wanafunzi, mnaojifunza kupima urefu, upana na kimo katika daftari: hesabu hizo ndizo za sanduku hili. Katafuteni kipande cha bati, mwombeni fundi awaoneshe jinsi ya kukikunja, mjaribu. Nanyi akina baba wenye pikipiki, kabla mvua hazijaanza, fungueni vyombo vyenu mvitazame. Njia ya Kabambare ni ndefu, na mtu aketiye chini ya mti hawezi kujua ni nani atakayetokea kwenye kona. Heri atokee mtu aliyejiandaa.