Sindano za Ami

"Mjomba, hizi sindano ni za kushonea nini?"

Aliyeuliza ni mpwa wangu, mwendesha bodaboda wa Vanga na Lunga Lunga, kijana ambaye mkate wake wa kila siku unapita ndani ya kabureta. Fundi wetu alikuwa amefariki na sisi tulikuwa tunagawa vyombo vyake. Kijana akafungua mkebe wa biskuti, akakuta vijiti vya shaba ya manjano vyenye ncha, kila kimoja kimeviringishwa kwenye karatasi ya sigara iliyoandikwa herufi kwa penseli. Niliudhika kuliko inavyostahili msibani. Nikamwambia si za kushonea, ni za kupimia. Akasema, "Kupimia nini?" Hapo nikaona heri niandike.

Fundi huyo sote tulimwita Ami, ingawa hakuwa ndugu wa baba wa yeyote kati yetu. Jina lake halisi silitaji, kwa kuwa wanawe wapo na hawapendi mambo ya magazetini. Kibanda chake kilikuwa Vanga, karibu na mahali mashua zinapofungwa, nguzo za boriti, paa la mabati, sakafu ya mchanga. Siku za bamvua maji yalikuwa yakiingia mpaka ndani, kwa hiyo vifaa vyote alivitundika juu, spana, bisibisi, hata kiti chake. Ukiingia asubuhi, wa kwanza kukupokea ni harufu: tope la mikoko, petroli, dagaa wanaokauka kwa jirani, na kahawa chungu iliyokuwa ikichemka tangu alfajiri. Mpaka leo nikipita kituo cha mafuta chenye mgahawa wa samaki, pua inanirudisha pale, lakini haifiki sawasawa, kwa maana tope halipo.

Ami hakupenda wateja wanaozungumza injini ikiwa inawaka. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Mvuvi akianza kueleza, Ami alinyoosha kidole kimoja. Mvuvi alilipa kwa changu au tasi, mwalimu alilipa mwisho wa mwezi, na kuna mtu mkubwa wa serikali ambaye hakulipa kabisa, na kila gari lake liliporudi lilikaa foleni siku nzima likiangaliana na bahari. Sisi watoto tulipewa kazi ya kusafisha plagi kwa brashi ya waya, lakini kabla ya kusafisha lazima useme rangi. Nyeupe kama chokaa: injini inakosa mafuta. Nyeusi yenye masizi: inakula kupita kiasi. Kahawia: iache, nenda kacheze. Ukisema uongo alijua.

Alishika mashine za boti pia. Seagull zile za Poole, Uingereza, ambazo zilitoa moshi mwingi mpaka mwambao wa Jasini ukapotea, nazo zilikuwa na sindano ndani ya kabureta. Lakini aliyoipenda zaidi ni kabureta ya SU, ya ndugu wawili wa ukoo wa Skinner, iliyoanza mwanzoni mwa karne iliyopita na kukaa kwenye Morris, Austin, MG, hata Volvo ambayo dereva Joginder Singh alishindia mbio za magari za Safari mwaka 1965. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa Joginder ni nani.

Uzuri wake ni huu. Ndani kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa kufuata hewa inayovutwa na injini. Chini ya pistoni imening'inia sindano, nayo imeingia kwenye tundu la jeti, yanamopita mafuta. Sindano ni nene juu na nyembamba chini. Pistoni ikipanda, sehemu nyembamba inafika kwenye tundu, mafuta yanapata njia pana zaidi. Basi umbo la sindano ndilo linaloamua injini ile nini katika kila mwendo. Waingereza walitengeneza mamia ya maumbo, wakayapa herufi na tarakimu, wakachapa jedwali lenye unene wa kila sindano katika kila thumuni ya inchi, kwa vielfu vya inchi. Jeti ya kawaida ilikuwa na kipenyo cha inchi 0.090.

Sasa Morris ya mwalimu. Nilidhani ilifika 1966. Kitabu cha gari kinasema 1968. Dada yangu anaapa ilikuwepo kabla yeye hajaanza shule, na hilo haliingii kwenye miaka yote miwili, kwa hiyo tuliache. Ilikuwa Minor ya 1098 cc, ilinunuliwa Nairobi, na ilipofika Vanga ilikuwa inakohoa. Ami alivua kopo la kabureta, akachomoa sindano, akaisogeza jichoni na kioo cha kukuzia. EB. Akacheka. EB ni sindano ya kubana mafuta, inayofaa mahali penye hewa nyepesi, na Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600. Chini huku, hewa nzito ya pwani inataka mafuta zaidi. Akaiwekea AN, sindano ya kawaida ya gari lile, ikatulia.

Ikatulia miaka. Kisha chumvi ikala chujio la hewa, na la asili likawa halipatikani. Ami akalifunga la gari jingine, pana zaidi. Hewa ikaongezeka na kikohozi kikarudi, lakini safari hii katikati tu: kuondoka sawa, mwendo wa kasi sawa, katikati shida. Akajaribu H6, sindano ya kuongeza mafuta. Kikohozi kikaisha, plagi zikatoka nyeusi.

Alichofanya baadaye sijaona fundi mwingine akifanya. Alifungua kifuniko cha juu cha kabureta, akasimamisha juu ya pistoni waya mwembamba wenye alama za rangi kila thumuni ya inchi. Boneti ikavuliwa. Mwalimu akaendesha kuelekea Lunga Lunga, Ami kando yake akitazama waya kupitia kioo, mimi nyuma na daftari. Gari likikohoa anataja alama. "Tano. Sita. Tano. Sita, andika!" Wapita njia walidhani tumechukua gari lisilo na uso kwa ajili ya harusi fulani ya kichekesho. Tuliporudi tulijua jambo moja kwa hakika: tunatafuta sindano iliyo sawa na AN juu na chini, ila nyembamba zaidi kwenye alama ya tano na ya sita.

Ami alikuwa na nakala ya jedwali, imechoka kwenye mikunjo. Alikaa na rula, safu kwa safu, usiku, taa ya chemni. Alipata zilizokaribia, akazijaribu, hakuridhika. Nyingine alizipiga msasa mwenyewe, na mwalimu akaishi na hali hiyo miaka mingi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani Mombasa, ofisi iliyokuwa na kompyuta moja na Lotus 1-2-3. Saa ya mchana wenzangu walikwenda kula, mimi nikaingiza jedwali la Ami. Safu moja kwa kila sindano, mstari mmoja kwa kila alama. Kwanza niliiambia kompyuta itoe tu unene wa AN kutoka kwa unene wa kila sindano. Orodha ikaja, nikampelekea, akaitazama, akasema, "Unalinganisha vyuma. Mafuta hayapiti kwenye chuma, yanapita penye nafasi."

Ndiyo hesabu yenyewe. Kipenyo cha jeti ukizidishe kwa chenyewe, utoe kipenyo cha sindano kilichozidishwa kwa chenyewe, kisha uzidishe kwa 0.785: hiyo ndiyo nafasi ya mafuta. Sindano yenye unene wa 0.085 ukiipunguza kielfu kimoja tu, nafasi inakua kwa asilimia 19. Penye 0.080, kielfu kilekile kinaongeza asilimia 9. Penye 0.070, asilimia 4. Jicho linaona vielfu vitatu vinavyofanana, injini inaonja vitu vitatu tofauti. Na kwa hesabu hiyohiyo ya karatasini, tofauti ya hewa ya Nairobi na ya Vanga inakaribia asilimia 9, yaani kielfu kimoja katikati ya sindano. Kikohozi chote kile cha mara ya kwanza kilikuwa cha kielfu kimoja.

Nilibadilisha fomula, nikaonyesha nafasi kwa asilimia ya AN. Kati ya mamia zikabaki sindano tatu. Mbili kati ya hizo Ami alikuwa nazo mkebeni siku zote, rula ilizipita kwa sababu kwenye vielfu zilionekana za ajabu. Hakuchukua iliyokuwa juu ya orodha yangu. Alichukua ya pili, kwa kuwa alama yake ya saba ilikuwa nyembamba kidogo na yeye alijua mwalimu anavyokanyaga mafuta kwenye mlima wa feri ya Likoni. Plagi zikatoka kahawia.

Watu husema kompyuta ilikuja kuwafuta mafundi. Kwa niliyoona mimi, ile lahajedwali haikuweza kujibu kitu mpaka Ami aipe alama ya tano na ya sita, na alama hizo zilitoka kwenye waya na sikio.

Yaliyofuata ni ya haraka. Lotus ikaondoka, Excel ikaja, faili nikalihamisha. Morris iliuzwa kwa chuma chakavu. Magari yenye kompyuta ndani yakafika, pikipiki za India zikajaa, boti zikavaa Yamaha. Faili sasa liko kwenye simu, fomula zote zinafanya kazi, na hakuna anayeniuliza. Pikipiki nyingi za vijana bado zina kabureta yenye sindano, tena yenye mifereji ya kupandishia na kushushia, lakini ikikohoa fundi wa stendi anauza kabureta nzima, au anapiga tupa sindano huku anatazama kwingine. Tupa! Kwenye kitu ambacho kielfu kimoja kinaweza kufika asilimia 19! Ukimuuliza inakohoa wapi, mwanzo, katikati au mwisho, anakujibu, "Inakohoa tu."

Pikipiki ya mpwa wangu nayo ilikuwa inakosa mafuta. Nilimwambia asiguse tupa, ashushe kibanio mfereji mmoja ili sindano ipande, aende nayo siku mbili, kisha achomoe plagi aniambie rangi. Akashusha, pale pale, mbele yangu. Tangu hapo amenipita mara kadhaa njia ya Kiwegu, abiria wawili nyuma na gunia la mkaa, anapiga honi na kupunga mkono. Injini naisikia haikohoi. Rangi ya plagi hajaniambia.