"UNAENDA NA NANI?" Nilivyochagua hoteli ya kuzamia Mafia nikiwa peke yangu

Wapendwa, leo naomba tupumzike kidogo na habari za nani kaachana na nani, niwape safari. Msikimbie. Staa yupo ndani, jina kapuni, mtamkuta huko mbele.

Mimi kazi yangu ni kupokea wageni wa mlima hapa Moshi. Nawachukua KIA, nawapeleka hotelini, nakagua mabuti na majaketi, asubuhi nawakabidhi kwa waongozaji na wagumu wanaobeba mizigo. Mwaka wa kumi na moja huu. Katika wageni hao wanawake wanaokuja peke yao ni wengi mno. Mjerumani wa miaka 60, peke yake. Binti wa Kikorea hajafika hata 25, peke yake. Hakuna anayewauliza mume yuko wapi. Tunawasifu, tunasema huyu mama ni jasiri, tunapiga naye picha getini.

Sasa ngoja mwenyeji aseme anasafiri peke yake, uone.

Nina miaka 39, sina mume, mtoto wangu mmoja yuko bweni. Simu yangu hailali. Mgeni kachelewa ndege, mimi. Mgeni begi limebaki Addis, mimi. Mwingine kaumwa na kichwa kambini usiku wa manane, ni mimi. Kuna mgeni mmoja alishuka mlimani akaenda pwani kuzamia, aliporudi kupanda ndege akaniambia chini ya maji ndiko mahali pekee ambapo simu haimpati. Ile sentensi ilikaa na mimi miaka miwili. Nikaanza kuweka hela kwenye kikoba kidogokidogo, na Jumamosi nikawa naenda kujifunza kuogelea kwenye bwawa la YMCA. Nilipoweza kwenda na kurudi bila kushika ukingo, nikajua sasa nina safari.

Nikapanda Kibosho kumwambia mama. Kwa bahati mbaya shangazi alikuwepo.

"Unaenda na nani?"

"Peke yangu, shangazi."

"Kufanya nini?"

"Kuzamia."

Akaweka kikombe chini. "Kuzamia meli? Kwa umri huo unataka kwenda Afrika Kusini?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Nikaeleza kwamba unavaa mtungi wa hewa mgongoni, unashuka na mwalimu, unaangalia samaki, unarudi. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema lile lililokuwa moyoni mwake: "Mwanangu, mwanamke akikaa hoteli ya pwani peke yake, watu hawasemi kafuata samaki."

Wala sikumbishia, maana najua anachosema. Niliwahi kutumwa kikazi mji mmoja wa pwani, mlinzi wa hoteli akanizuia mlangoni saa mbili usiku, anataka kujua nimekuja kumuona mgeni wa chumba namba ngapi. Ufunguo wa chumba changu mwenyewe ulikuwa mkononi. Mzungu aliyekuwa nyuma yangu alipita bila kuulizwa hata salamu. Kwa hiyo mtu akiniambia chagua hoteli kwa picha za mtandaoni, namuona hajawahi kusafiri akiwa mimi.

Nikakaa chini na daftari. Sehemu ya kwanza niliyoifikiria ni Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwa sababu kila staa anapiga picha kule. Ufukwe ni mzuri kweli, na maji hayakimbii mbali yakikupwa, unaogelea karibu siku nzima. Ila kule ni muziki na watu. Mtu akienda Nungwi anataka kuonekana, na mimi nilikuwa natafuta kinyume chake.

Ya pili Pemba. Wazamiaji niliowapokea wanaitaja kama vile sisi tunavyoutaja mlima. Mkondo kati ya Pemba na bara una kina kirefu sana, matumbawe yanashuka kama ukuta wa ghorofa, na maji yana nguvu. Nikajisemea, wewe umejifunzia YMCA juzi. Pemba subiri.

Ikabaki Mafia. Hifadhi ya bahari ya kule ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania. Hoteli nyingi za kuzamia ziko upande wa Utende, mbele ya Ghuba ya Chole, na ghuba imekingwa na visiwa. Anayeanza anajifunza ndani kwenye maji matulivu, wazoefu wanatoka nje kwenye mlango wa Kinasi kwa kufuata kujaa na kupwa. Nikapanga Novemba. Mlimani ni mvua za vuli, wageni wanapungua, bosi ananiruhusu bila kununa. Baharini ni maleleji, kusi imeisha na kaskazi haijakaza. Halafu papa potwe wanaonekana Mafia kuanzia Oktoba mpaka Machi.

Sehemu nimepata, hoteli bado. Nikapiga simu tatu, na hapa ndipo ninapotaka dada zangu mnisikilize vizuri.

Hoteli ya kwanza, baada ya salamu: "Mtakuwa wangapi?" Mmoja. "Oh. Na mwenzio atafika siku gani?" Nikasema hakuna mwenzangu. Kimya. Halafu akanipa bei ya dola, bei ya wageni wa nje, na mimi naongea naye Kiswahili.

Ya pili walikuwa wapole, ila chumba cha mtu mmoja hakuna, nitalipia vitanda viwili. Chakula cha jioni? Meza za wawili wawili ufukweni, na mishumaa. Nikajiona pale, mshumaa na mimi. Nikashukuru.

Ya tatu alipokea mwanaume, sauti ya mtu wa pwani. Nikajitambulisha, nikasema natokea Moshi, niko peke yangu, nataka kujifunza kuzamia. Swali lake la kwanza: "Dada, unajua kuogelea?"

Jamani. Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

Akaendelea. Nina pumu? Moyo? Masikio yaliwahi kunisumbua? Kuna fomu ya afya, kama kuna jibu lolote la ndiyo, daktari asaini kwanza. Cheti cha mwanzo kinachukua kama siku nne, kinaniruhusu kushuka mpaka mita 18. Kabla ya hapo lazima niogelee mita 200 bila kusimama na nielee dakika 10. Nikamuuliza maswali niliyoyasikia kwa wageni wangu miaka yote hii: mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, boti ina hewa ya oksijeni, mtu anakula wapi jioni. Wanafunzi hawazidi wanne, oksijeni ipo, wote mnakula meza moja ndefu. Bei ya raia ipo, na kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Nikalipa kianzio siku ileile.

Basi mpaka Dar, kesho yake kandege kadogo mpaka Kilindoni, gari mpaka Utende. Vibanda vya makuti, mikoko, hakuna bwawa, hakuna spika. Mtandao wa simu ulikuwepo kwa kubahatisha, na mimi sikuutafuta.

Siku ya kwanza ya kushuka niliogopa, sitadanganya. Kichwa kikizama tu mwili unakwambia usivute pumzi. Mwalimu akanishika mkono, akanionyesha kifua chake kinavyopanda na kushuka, nikafuata. Kila mita unabana pua na kupuliza taratibu masikio yafunguke. Halafu ghafla nikasikia kitu ambacho sijakisikia miaka kumi na moja: pumzi yangu mwenyewe, basi. Matumbawe kama bustani iliyopandwa na mtu mwenye rangi nyingi na haraka. Kasa alipita karibu yangu, akaniangalia kama mwenye nyumba anavyomuangalia mpangaji, akaenda zake.

Haya, staa sasa.

Jioni ya pili, kwenye meza ndefu, kulikuwa na dada kajifunga khanga kichwani, hana kope za bandia wala kucha, anakula pweza wa nazi kwa mkono. Sura naijua, na ninyi mnaijua. Wiki ileile kurasa zake zilikuwa zimejaa picha, yuko kwenye hoteli ya ghorofa, glasi mkononi, kazungukwa na mashosti. Nikamuangalia yeye, nikaikumbuka picha. Akaniwahi: "Zile za mwezi wa sita, dada. Kuna mtu wa kuziweka." Akaniongezea wali.

Yeye cheti alikuwa nacho tayari. Siku ya nne tulitoka boti moja. Wamefika sehemu yao, kashavaa kila kitu, kakaa ukingoni, miwani iko usoni. Akaivua. "Leo hapana," akasema.

Nikangoja maneno. Nilidhani mwalimu atambembeleza, au wale Wazungu wawili watanuna maana wamelipia. Mwalimu akasema "sawa," akamfungua mtungi, akampa maji ya kunywa. Wenzake wakashuka. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, si pale, si mezani usiku.

Nikaja kujua ndiyo sheria ya kuzamia popote duniani. Mtu yeyote anaweza kughairi muda wowote, kwa sababu yoyote, na hadaiwi maelezo. Wameiweka kwa sababu anayeshuka kwa kuona aibu ndiye anayepata hofu kule chini, na hofu mita 18 chini ya maji inaua.

Usiku tumekaa kwenye ngazi za jeti, akaniambia hivi: "Nina miaka tisa kwenye hii kazi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesema hapana na mtu akasema sawa." Mengine aliyoniambia ni yake. Mkinibembeleza sisemi.

Ila mimi nilianza kujihesabia na yangu. Kazini hapana yangu lazima iwe na cheti cha hospitali. Nyumbani hapana yangu inaitishiwa kikao. Nikaelewa kwa nini lile swali la "unaenda na nani" linanichosha. Anayeuliza anatafuta mtu wa kunisemea, kana kwamba hapana yangu ikitoka kinywani mwangu haijakamilika.

Papa potwe nilimuona siku ya tano upande wa Kilindoni, kwa miwani na mrija tu. Samaki huyo anaweza kupita mita 10, na chakula chake ni vijidudu vya baharini. Humgusi, humfuati mbele, unaelea pembeni. Nililia ndani ya miwani. Inawezekana, nawahakikishia, ila inabidi utoe kichwa umwage.

Kuna kitu kimoja cha watu wa mlimani, kiandikeni. Siku ya mwisho mwalimu akaniuliza nyumbani ni wapi hasa. Nikasema Kibosho, mteremko wa Kilimanjaro. Akakunja uso. Ukizamia, naitrojeni ya kwenye hewa unayovuta inaingia mwilini, na inahitaji muda kutoka. Ukipanda juu haraka, kwa ndege au hata kwa gari la kupanda mlima, inaweza kutengeneza mapovu kama soda iliyofunguliwa. Akanipangia kutozamia kabisa saa 24 za mwisho. Nikarudi kwa boti ya Kilindoni mpaka Nyamisati, nikalala Dar, ndipo nikapanda basi la Moshi. Wale mnaotaka kuunganisha bahari na kilele cha mita 5,895, angalieni mpangilio: mlima kwanza, bahari baadaye. Na kote kuwili neno ni lilelile tunalowaimbia wageni, polepole. Huku usipande haraka, kule usiibuke haraka kuliko mapovu yako madogo.

Desemba nikapanda Kibosho kuhesabiwa kama Wachaga wote. Ukoo umejaa, mbege imeiva, na swali likaja kama nilivyotarajia, safari hii kutoka kwa kaka yangu mkubwa. "Kwa hiyo huko Mafia ulikuwa na nani?"

"Peke yangu, kaka."

"Haiwezekani. Tuambie tu."

"Hapana," nikasema, nikaendelea kumenya ndizi. Alisubiri maelezo, na sikumpa. Mama alimuambia alete kuni.

Baadaye binti wa mjomba, yuko chuo mwaka wa pili, alinifuata mgombani akitaka namba ya ile hoteli. Nikampa. Nikamwambia pia asiichukue kwa sababu mimi niliipenda. Apige mwenyewe, asikilize swali la kwanza watakalomuuliza. Kama ni la mwenzake, akate. Kama ni la kuogelea, aanze kuweka hela.

Mimi mwakani naifikiria Pemba, maana cheti sasa ninacho. Aliyewahi kulala kule peke yake anieleze: jioni watu wanakula meza moja, au ni mishumaa?