Picha ya Nyati kwa Elfu Nne

Mteja alitaka uso wa nyati. Si kundi, si mandhari ya mlima. Alitaka uso, pembe zijaze picha, macho yakitazama kamera. Bei elfu kumi. Wakati huo nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili Kanduyi na kamera yenyewe ilikuwa ya kuazima, kwa hivyo nilimjibu "sawa boss" kabla hajamaliza kuniandikia.

Sikumwambia kwamba sijawahi kuona nyati hata mmoja. Mimi ni mtoto wa Bungoma, najua ng'ombe. Tena ng'ombe ndiye aliyenipeleka chuo: baba alimuuza elfu arobaini na mbili nikiingia mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu nikaacha masomo. Nyumbani nikasema tumepewa likizo ndefu. Likizo hiyo sasa ilikuwa na mwaka mmoja na nusu, na hakuna aliyeniuliza inaisha lini.

Alfajiri nikapanda matatu. Kimilili, Kamukuywa, Kiminini, Kitale. Kitale nikadandia nyingine ya Endebess, halafu boda hadi lango la Chorlim. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ipo tangu 1968, na watu wengi wanaokuja hapa wanafuata tembo wa pango la Kitum, wale wanaoingia gizani kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Nyati nao huingia mapangoni kulamba chumvi hiyo hiyo, lakini hao hakuna anayewapigia debe.

Hapa unaruhusiwa kutembea kwa miguu mradi uwe na askari wa wanyamapori. Niliyepewa alikuwa na bunduki na maneno machache.

"Unataka kuona nini?"

"Nyati, afande. Karibu kabisa."

"Karibu ya nani?"

Sikuwa na jibu. Tukaingia msituni. Juu kwenye miti ya podo mbega walikuwa wakirukaruka, chini kulikuwa na giza la saa tatu asubuhi. Alinieleza huku akitazama nyayo. Kundi likikusikia hukimbia, alisema. Wa kuogopa ni dume mzee aliyeachana na kundi. Anaweza kufikisha kilo mia nane, na anaishi peke yake au na wazee wenzake wawili watatu, kwa hivyo hana macho mengi ya kumlinda. Ukimshtua kwa karibu, yeye hakimbii. Anakuja.

Tulimpata saa nne hivi, pembeni mwa uwazi mdogo. Dume mmoja, matope yamemkaukia mgongoni, ndege wawili aina ya shashi wanamtoa kupe. Nywele zilikuwa zimemwisha usoni na sikio moja limechanika.

Kumpiga picha mnyama mweusi msituni ni kazi. Kamera inadhani kuna giza kuliko lililopo, inaongeza mwanga, na nyati anatoka kijivu kama jivu la jikoni. Nikapunguza mwanga hatua moja, nikapandisha ISO hadi 3200, nikatazama. Kwa lenzi yangu ya milimita 300 alikuwa mdogo kama kiberiti. Huo si uso wa elfu kumi. Nikapiga hatua moja, ya pili, ya tatu.

Mkanda wa begi ukanivuta nyuma.

"Akija nitampiga risasi," askari alininong'oneza. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Atakufa kwa sababu ya picha yako."

Manze, nilikuwa nimefikiria kufa kwangu mimi. Nilikuwa hata nimekumbuka sheria ya 2013, kwamba mtu akiuawa na mnyama kama huyu familia hulipwa milioni tano, na kichwa changu kikapiga hesabu: hizo ni ng'ombe zaidi ya mia moja. Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba anayeweza kufa ni yeye. Kule Yellowstone, Marekani, wageni huambiwa wakae angalau mita 23 kutoka kwa baisani, na bado kuna wanaosogea na simu mkononi wakarushwa hewani. Nilikuwa nawacheka kwenye video.

Tukakaa palepale, hatua kama sabini, karibu saa nzima. Akala, akainua kichwa, akatutazama, akarudi kula. Nikampiga hivyo, mdogo, na msitu wote umemzunguka.

Mteja hakufurahi. "Mnyama yuko wapi?" akaandika. Mwishowe akaitumia kwenye kona ya tangazo na kunilipa elfu nne.

Jumamosi nikaenda nyumbani nikamwonyesha baba kwenye simu. Akaikuza kwa vidole, akamkagua nyati kama anavyokagua ng'ombe mnadani: mgongo, mbavu, kwato. Akasema huyu ni mzee lakini ana afya. Akanikumbusha sotoka, ugonjwa uliomaliza ng'ombe na nyati pamoja miaka ya 1890. Nikamwambia mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa duniani alikuwa nyati, Meru, 2001, na 2011 ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Akatikisa kichwa kwa furaha. Nikaona ni sasa au sitasema kamwe.

"Baba, mimi sirudi chuo."

Hakuinua macho kutoka kwa simu. "Hilo najua tangu mwaka jana. Nilikuwa nangoja uniambie." Kisha akauliza, "Hii wamekulipa ngapi?"

"Elfu nne."

Akanyamaza kidogo.

"Basi zimebaki elfu thelathini na nane," akasema, akanirudishia simu.