Tulipoisahau Haki ya Njia

Anayesafiri leo kutoka Kimara kwenda Kibaha hupita katika barabara pana ya njia nane, na ni rahisi kwake kusahau hali ya kilomita hizo 19.2 zilipokuwa zikijengwa. Sisi wa kamati ya msikiti hatujasahau. Mwaka 2019 tulipita humo katika safari ya maziko, tukarudi na somo ambalo hatukulitarajia.

Tuliondoka Magomeni baada ya Adhuhuri, tumejaa ndani ya Coaster ya kukodi, kwenda kumzika ndugu yetu Kibaha. Maziko yalipangwa baada ya Alasiri. Mpaka Kimara mwendo ulikuwa mwema. Kuanzia hapo barabara ikawa ngeni kwetu. Nyumba na maduka ya kandokando yalikwisha kuvunjwa tangu 2017 kupisha upanuzi, na alama tulizozizoea zilitoweka pamoja nayo. Upande mmoja mitambo ilichimbua ardhi nyekundu. Upande wa pili magari ya kwenda na ya kurudi yalibanana katika kipande chembamba, vumbi likiwafunika wote.

Karibu na Kibamba foleni ilisimama. Kijana aliyevaa kizibao cha kung'aa aliinua bendera nyekundu. Mbele yake hatukuona gari lolote, nasi tukaanza kumhimiza dereva: maiti hacheleweshwi, pita! Inatuuma kukiri kwamba tuliosoma dini ndio tuliotangulia kusema hivyo. Dereva akachomoka kwenye foleni. Hatukwenda mbali, greda likatokea nyuma ya lundo la kifusi likirudi kinyumenyume. Breki zilikamatwa, gari likateleza juu ya kokoto, likasimama hatua mbili tu kutoka kwa kibarua aliyekuwa akisawazisha udongo. Koleo lilimponyoka. Alitutazama, akaliokota, asiseme neno.

Mzee wetu mmoja ndiye aliyevunja ukimya. "Mwanangu, rudisha gari kwenye foleni."

"Mzee wangu, tutakosa maziko."

"Afadhali tuyakose. Huyu naye ana wanawe wanaomngoja."

Tulifika kaburi limekwisha kufukiwa, tukawahi dua peke yake.

Kuharakisha maziko ni sunna, lakini sunna haimpi mtu ruhusa ya kuhatarisha roho ya mwingine. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Kibarua yule alikuwa akitutengenezea njia. Sisi ndio tuliokuwa udhia.

Tangu siku ile, kila kamati yetu inapopanga safari, tunakumbushana mambo machache. Mwendo hupunguzwa kwenye kibao cha kwanza cha tahadhari, kabla ya kuwafikia mafundi. Mwenye bendera hutiiwa hata kama njia inaonekana nyeupe, kwa kuwa yeye anajua kinachokuja kutoka upande wa pili, nasi hatukioni. Nafasi kati ya gari na gari huongezwa, maana vumbi huficha na kokoto huteleza. Mtambo haukaribiwi kwa nyuma, kwani mwendeshaji huenda asituone. Njia ya mchepuo iliyokuwa wazi jana huenda leo imefungwa, hivyo dereva hufuata vibao na kuacha mazoea. Usiku hatari huzidi: kingo za lami mpya huwa juu kama ngazi, na watembea kwa miguu, wakiwemo watoto, huwa wamepoteza vivuko vyao. Na mwendo haurejeshwi mpaka kibao cha mwisho kipitwe.

Juu ya yote hayo, tunaondoka mapema, na abiria hatumhimizi dereva. Ulimi wetu ndio uliokaribia kuua Kibamba, naye dereva alikuwa akitutii tu.

Kazi za barabara bado zinaendelea kwingi nchini. Tukutanapo na bendera nyekundu, tusimame, na tumsalimu aliyeishika.

Wabillahi tawfiq.