Kufuli la namba na mzee tuliyemdhania vibaya



Leo tunaomba nafasi katika ukurasa huu wa familia tusimulie kisa kidogo cha kufuli la sanduku. Tutasema "sisi" kama ilivyo ada ya uandishi, lakini msomaji afahamu mapema kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja, naye ni katibu wa msikiti anayeandika maneno haya. Kamati haina lawama.

Mfuko wa maziko wa msikiti wetu, hapa Tanga, hukaa ndani ya sanduku dogo la safari. Muumini mmoja alirudi nalo kutoka Umra, akalitoa sadaka. Ni sanduku gumu la plastiki nyeusi, na ubavuni lina kufuli la pete tatu za namba, kila pete ikiwa na tarakimu 0 hadi 9. Humo tunaweka fedha za sanda, daftari la michango na stakabadhi. Mhazini wetu, mzee aliyekwishavuka miaka sabini, ndiye aliyechagua namba ya siri. Ilikuwa 114, idadi ya sura za Qur'ani. Tuliijua wawili tu, yeye na sisi, na kwa miaka minne haikutokea hata siku moja sanduku likagoma.

Mwezi wa Shaaban, tulipokuwa tukifunga hesabu kabla ya Ramadhani, tuliona upungufu wa shilingi 85,000. Tulihesabu mara mbili, upungufu ukabaki palepale. Hatukumwuliza mzee. Tulijiambia kwamba tunamsitiri, kumbe moyoni tulikuwa tumekwishamhukumu. Usiku ule, baada ya Isha, watu walipotawanyika, tulibaki peke yetu ofisini tukabadili namba.

Kubadili namba ya kufuli la aina ile si kazi ngumu. Kwanza hufunguliwa kwa namba ya zamani. Kisha, kifuniko kikiwa wazi, hubonyezwa kwa ncha ya kalamu kitufe kidogo kilicho kando ya pete. Pete huzungushwa hadi kwenye namba mpya, halafu kishikizo cha kufuli husukumwa, na kitufe kikaruka kurudi mahali pake. Tulichagua 313, idadi mashuhuri ya watu wa Badri, tukiwa na yakini kwamba haiwezi kututoka kichwani. Tukafunga kifuniko, tukavuruga pete, tukaenda zetu kulala. Hatukulijaribu hata mara moja.

Siku ya tisa, alfajiri, ilikuja habari ya msiba. Kijana mchukuzi wa mizigo sokoni, mgeni wa mji asiye na ndugu wa karibu, alikuwa amefariki usiku. Maiti ilikuwa juu ya msikiti: kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa, na maziko yakapangwa baada ya adhuhuri. Wachimba kaburi walikuwa wamekwishaitwa. Kilichobaki kilikuwa fedha.

Tulizungusha 313, kufuli likakataa. Tukarudia polepole, likakataa. Jasho likaanza kututoka. Tukaanza kujitilia shaka: je, ilikuwa 313 kweli, au 131, au 331? Mtu akiisha kuishuku kumbukumbu yake, hata alichokuwa nacho hakika humponyoka. Ndugu mmoja aliona tundu la ufunguo pembeni mwa kufuli, akapendekeza tuazime funguo za masanduku ya majirani. Tulimweleza kwamba lile tundu si la mwenye sanduku. Limewekwa kwa ajili ya wakaguzi wa viwanja vya ndege, hasa wa Marekani, ambao wana funguo zao maalumu, na anayenunua sanduku hapewi. Mwingine akaleta bisibisi.

Hapo ndipo alipoingia mhazini. Alisogeza bisibisi kando, akazungusha 114 kwa vidole vilivyozoea. Kufuli halikufunguka. Akajaribu tena, kisha akainua uso.

"Katibu, namba imebadilishwa?"

"Ndiyo, Mzee."

Hakuuliza ni nani aliyebadili, wala kwa nini. Alikaa juu ya mkeka, akavaa miwani, akarudisha pete zote kwenye 000. "Hii ni mali ya msikiti," alisema. "Haivunjwi kabla ya kujaribu subira. Mimi nizungushe, wewe sukuma kishikizo."

Pete tatu zina namba 1,000 tu, tangu 000 hadi 999. Ukitumia sekunde tatu kwa kila namba, utazimaliza zote kwa dakika 50. Kwa hiyo aliyesahau namba hana haja ya kukata tamaa, ila awe na mpango na asirukeruke. Mzee alikwenda namba kwa namba, midomo yake ikicheza kwa tasbihi. Magoti yetu yaligusana, na kila pete ilipogeuka tulitamani ardhi itumeze. Tulipofika 313 tulishusha pumzi, lakini kufuli halikufunguka. Aliendelea vilevile, bila haraka. Kwenye 323 kishikizo kililia "tak", na kifuniko kikainuka.

Tulielewa baadaye kilichotokea. Usiku ule tulipokuwa tukibadili, pete ya katikati iliteleza hatua moja kabla kitufe hakijarudi, na kufuli likashika 323 badala ya 313. Lau tungelijaribu kufuli kabla ya kufunga kifuniko, tungeona kosa papo hapo. Na lau tungelijua asubuhi ile kwamba jambo hilo hutokea mara nyingi, tungeanza na namba jirani, yaani kila pete hatua moja mbele au nyuma. Hizo ni 26 tu, kazi ya dakika moja au mbili.

Sanda ilinunuliwa. Kijana yule alizikwa baada ya adhuhuri, Allah amrehemu, na safu za swala ya jeneza zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia.

Jioni tulirudi ofisini kupanga stakabadhi za siku ile. Tulipofungua daftari letu la kumbukumbu za vikao, karatasi iliyokunjwa mara nne ilianguka. Ilikuwa stakabadhi ya sanda na mbao za maziko ya mama mmoja, ya mwezi uliotangulia: shilingi 85,000. Vitu hivyo tulivinunua sisi wenyewe, kwa fedha tulizozitoa sandukuni kwa mkono wetu, tukasahau kuandika.

Baada ya Magharibi tulikwenda nyumbani kwa mzee. Alikuwa barazani. Tulimwambia yote bila kuficha: hesabu, dhana, namba, karatasi. Alinyamaza kwa muda.

"Mwanangu," alisema, "nilijua tangu asubuhi. Mtu habadili kufuli ila kuna anayemhofu. Kubadili hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba hukuniuliza. Ungeniuliza, tungeitafuta hiyo karatasi pamoja."

Tulimwomba radhi, akatusamehe. Tulimwomba pia achague namba mpya, yeye peke yake. Alikataa. Alitaka aongezwe mtu wa tatu wa kuijua, na kila fedha inapotoka watu wawili watie saini, "ili siku nyingine asihukumiwe mtu akiwa peke yake." Ndivyo tufanyavyo hadi leo.

Chuoni tulisoma kwamba Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alimrudishia Uthman bin Talha ufunguo wa Al-Kaaba, na kwamba ufunguo huo umebaki katika ukoo wa Bani Shaiba mpaka zama zetu. Tulisoma vilevile aya ya 12 ya Surat Hujurat inayotukataza kukithirisha dhana, na aya ya 282 ya Surat Baqara inayotuamuru kuandika madeni na kuweka mashahidi. Mitihani yake tulifaulu. Lakini siku tulipotakiwa kuandika shilingi 85,000, hatukuandika. Na siku tulipotakiwa kuuliza, tulimnyang'anya mzee ufunguo usiku, kimyakimya, na yeye hayupo.

Kwa familia zinazojiandaa na safari ya Umra au Hija, tunaacha nasaha hizi. Sanduku jipya kwa kawaida huja na namba 000, basi anzieni hapo. Mkiibadili, lijaribuni kufuli mara tatu kifuniko kikiwa wazi. Msichague mwaka wa kuzaliwa, kwani wengi wanaujua. Namba iandikwe mahali pasipo ndani ya sanduku wala juu yake, na ajue mtu wa pili anayeaminika: mke, mume, au mtoto mkubwa. Wazazi wetu wakongwe wasiachiwe kukumbuka peke yao katika uchovu wa uwanja wa ndege. Fedha, pasi ya kusafiria na dawa zikae mwilini au katika mkoba wa mkononi, kwa sababu sanduku la zipu hufunguliwa na mwizi bila hata kuligusa kufuli.

Na lile lililo kubwa zaidi: kila nyumba ina sanduku ambalo namba yake anaijua mtu mmoja tu. Pengine ni hati ya kiwanja, pengine ni deni, pengine ni amana ya jirani. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tusilale na jambo la kuusia pasipo wasia wetu kuwa umeandikwa. Sisi tulikuwa na bahati, kwani mwenye kuijua namba alikuwa hai ingawa aliikosea, na mzee aliyekuwa mbele yake alikuwa na subira. Anayekufa na namba yake huwaachia wanawe bisibisi na dhana.

Tunamwomba Allah (s.w.) atughufirie, ampe umri mrefu wenye afya mhazini wetu, na atujaalie kuwa wenye kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.