Bibi Ndani ya 61,741,120

Watanzania 61,741,120. Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza namba hiyo Oktoba 31, 2022, Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, na mtaani watu wakaikadiria palepale: milioni sitini na mbili. Mimi nilikataa kuikadiria. Niliiandika yote nyuma ya risiti, nyumbani Kizota, nikaanza kuichokonoa.

Tazama tarakimu nne za mwanzo: 6174. D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India, aligundua kitu cha ajabu. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi zisiwe zote sawa. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha utoe mpangilio wa kinyume chake. Rudia. Ndani ya hatua saba utaishia 6174, na hapo hutoki tena.

Basi nikachukua nne za mwisho, 1120. 2110 toa 0112 ni 1998. 9981 toa 1899 ni 8082. 8820 toa 0288 ni 8532. Halafu 8532 toa 2358... 6174! Hatua nne tu, mkia umefika kichwani. Ni bahati, najua, ila nilicheka peke yangu.

Ukiivunja namba yenyewe unapata 2 mara sita, 5, 7, 43 na 641. Hiyo 641 ndiyo Euler aliyoitumia mwaka 1732 kumwangusha Fermat, aliyeamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Kumbe inagawanyika kwa 641. (Tasa! Namba zinazozaa nyingine zote, halafu tunaziita tasa.)

Sababu ya kukataa kukadiria ni Bibi. Alifariki alfajiri ya Agosti 24. Karani wa sensa alitukuta tarehe 26, turubai la msiba bado limefungwa, kishikwambi mkononi, kijana wa watu hajui aanzie wapi.

“Poleni sana. Shikamoo mzee. Usiku wa kuamkia Agosti 23, nani walilala hapa?”

Mjomba akataja majina, akanyamaza. “Na mama alilala. Lakini ndiyo huyo tumemzika jana.”

“Kama alilala usiku ule, mzee, anahesabiwa.”

Akauliza umri wake. Mjomba akamjibu taratibu, na kijana akaandika.

Bila Bibi ingekuwa 61,741,119. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kwa hiyo 2, 5, 7, 43 na 641 vyote vingeondoka kwa mpigo mmoja, na 3 ingeingia, ambayo sasa haimo kabisa. Mkia ungekuwa 1119. Nao ungefika 6174, ila kwa hatua sita: 7992, 7173, 6354, 3087, 8352, ndipo 6174.