Barua Kutoka Uskoti: Kazi Aliyoiacha Mbwa Mwitu

Ndugu zangu wa Kericho na Bomet,

Nataraji kwamba mvua ya alasiri ingali ikinyesha kama ilivyo ada yake, na kwamba wachumaji wa chai wanarudi na vikapu vilivyojaa. Leo nakusudia kuwaeleza habari za usasi wa ayala katika milima ya Uskoti, nchi iliyotuletea kampuni ya James Finlay na mashamba yake ya chai katika miaka ya 1920. Maana mimi, niliyelelewa katika nchi iliyopiga marufuku usasi tangu mwaka 1977, sikuwa nimeshika bunduki maishani mwangu hadi majira haya ya baridi, na niliyojifunza yanatuhusu sote.

Majike wa ayala mwekundu huruhusiwa kupigwa kuanzia tarehe 21 Oktoba hadi 15 Februari, watoto wao wakiwa wamekwisha kupata nguvu. Mzee aliyenifundisha, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, hakunipeleka mlimani moja kwa moja, bali alinilaza kifudifudi mbele ya karatasi ya shabaha, nikapiga na kupiga tena, hata aliporidhika kwamba risasi zangu zinaangukia mahali pamoja pasipozidi upana wa kiganja. Kisha akaitia bunduki mkobani, akaibeba mwenyewe, tukaanza kupanda, uso wetu ukiuelekea upepo, kwa kuwa ayala akiipata harufu ya binadamu huondoka na kundi zima.

Mwendo wa mwisho tuliunyapia kwa matumbo, katika udongo mweusi uliojaa maji ya baridi. Yule mzee alilitazama kundi kwa darubini muda mrefu mno. Akampita jike aliyenona, kwa sababu mtoto wake alikuwa ubavuni, akamchagua mmoja mkongwe, mbavu zikihesabika, asiye na mtoto. Tukangoja hata akageuka ubavu, nami nikapiga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, penye moyo na mapafu. Akaenda hatua chache, akaanguka. Mzee alinizuia nisiinuke, akaniamuru nitie risasi nyingine na kungoja. Tulipomfikia alimgusa jicho kwa ncha ya fimbo ili ayakinishe kwamba amekufa, kisha akampasua na kulikagua ini na matezi kwa makini, kwani nyama ile ilikuwa chakula cha watu.

Nilipomwuliza sababu ya kazi hii, alinionyesha miche ya misonobari iliyotafunwa hata haikupita urefu wa goti. Mbwa mwitu waliangamizwa Uskoti karne kadhaa zilizopita, ayala wakakithiri, na msitu mzee ukakosa warithi. Basi jamii iliyomwondoa mbwa mwitu imeirithi kazi yake, nayo huitenda kila mwaka kwa gharama na taabu, pasipo matumaini ya kuimaliza.

Ndugu zangu, sisi msitu wetu wa Mau ungali na chui wa kuifanya kazi hiyo. Wazee wetu Wakipsigis waliupa kila ukoo mnyama wake wa kuheshimiwa, na jirani zetu Waogiek waliwinda na kurina asali humo vizazi kwa vizazi. Tena tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha iliamua kwamba kuwafukuza msituni kulivunja haki zao, na ikaikataa hoja kwamba wao ndio walioharibu msitu ule. Aliye adui wa Mau ni shoka na mtego wa waya, maana waya hauna macho ya yule mzee: humnasa jike mwenye mimba sawasawa na dume mkongwe, na humnasa chui mwenyewe.

Kwa hiyo nawasihi, hasa vijana mnaokaa kandokando ya ukanda wa chai ya Nyayo, uliopandwa tangu mwaka 1986 kuwa mpaka wa msitu: mkiona waya, ung'oeni na kutoa habari kwa askari wa wanyamapori. Anayemlinda chui leo huwaepusha wajukuu wake na kazi ngumu niliyoishuhudia huku, nasi tungali na wakati wa kuchagua.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni